Naanza bingo ya mtandaoni kwa pesa halisi, nianzie wapi?

Mgeni_wa_Tisini

Habari zenu wakuu. Nimekuwa nikicheza bingo ya bure kwenye simu, ile ya kusubiri namba za kwenye tiketi yako ziitwe, sasa nataka kuingia vyumba vya pesa. Nimeshafungua akaunti sehemu moja ila sijaweka hata senti. Kila nikiingia nakutana na tangazo: weka 10, ucheze na 30.

Naomba kujua, hiyo bonasi niichukue? Nicheze ya mipira 90 au 75? Tiketi ngapi kwa gemu? Halafu kuna mtu kaniambia wanaoshinda ni wale wanaonunua tiketi nyingi, sisi wengine tunawachangia tu. Ni kweli? Umri unaniruhusu, na bajeti ni ndogo, pesa ya burudani tu. Maelezo mengi niliyosoma yameandikwa na wanaouza, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Tikisa_Mipira

Chukua bonasi mkuu, pesa ya bure hiyo unaiachaje? Cheza 90, kila gemu lina zawadi tatu: ya kukamilisha mstari mmoja, mistari miwili, na kadi nzima. Na ununue tiketi zote sita zinazouzwa pamoja, usinunue moja moja.

DawatiLaMalipo

Mgeni, karibu sana. Nakuomba usiweke pesa kabla hujamaliza kusoma hapa.

Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye huduma kwa wateja ya kampuni moja ya bingo ya mtandaoni, upande wa malipo. Meseji za watu walioshinda wakashindwa kutoa pesa zilikuwa zinatua kwangu, na nyingi zilianzia kwenye bonasi ya aina hiyohiyo. Mtu anaandika usiku: "Salio linaonyesha 85, mbona kitufe cha kutoa kimezimwa?" Nafungua akaunti yake, nakuta alibonyeza kukubali bonasi siku ya kwanza, na bado ana kiasi kikubwa cha kuzungusha, yaani cha kununulia tiketi kabla hajaruhusiwa kutoa. Ilikuwa inaniuma, kwa sababu masharti alikuwa ameyakubali mwenyewe na mimi sikuwa na uwezo wa kuyafuta.

Tupige hesabu ya tangazo lako. Unaweka 10, unapewa bonasi ya 20, jumla 30. Fungua ukurasa wa masharti utafute panaposema unatakiwa kuzungusha mara ngapi. Tuseme ni mara 4 ya amana pamoja na bonasi. 30 mara 4 ni 120, maana yake utanunua tiketi za 120 kabla hujaruhusiwa kutoa chochote. Sasa tuseme chumba kinarudisha kwa wachezaji 75 katika kila 100 inayokusanywa kwenye tiketi. Kwa tiketi za 120, wastani wa kinachobaki kwa kampuni ni 30. Bonasi ya 20 imekwenda, na 10 yako imekwenda nayo. Wapo watakaobahatika wakavuka na kitu, ila kwa wastani hesabu inaishia hapo, na mara 4 ni sharti jepesi ukilinganisha na mengine niliyowahi kuyaona.

Tikisa, nakuheshimu ndugu yangu, lakini hiyo pesa haina uhuru, siwezi kuiita ya bure. Mtu anayeanza namshauri aikatae, acheze na amana yake tupu, ili akishinda atoe siku hiyohiyo. Kama ni lazima uichukue, hakikisha jambo moja kwanza: je, pesa yako halisi inatumika kabla ya bonasi na unaweza kuitoa wakati wowote, au vimefungwa pamoja? Jibu likiwa vimefungwa pamoja, achana nayo. Angalia pia bonasi inaisha baada ya siku ngapi, na kama wameweka kikomo cha ushindi utakaoruhusiwa kutoa.

Kabla ya amana, fanya mambo mawili ambayo wengi wanayaacha hadi wakwame. Shuka chini kabisa ya tovuti utafute namba ya leseni na jina la mamlaka iliyoitoa. Usiridhike na nembo, nembo ni picha na yeyote anaweza kuibandika. Nenda mwenyewe kwenye tovuti ya mamlaka husika ulitafute jina la kampuni kwenye orodha yao. UK Gambling Commission na Malta Gaming Authority, kwa mfano, orodha zao ziko wazi kwa kila mtu. Uhakikishe pia leseni hiyo inahusu mahali unapoishi wewe. Kampuni za kuaminika huonyesha vilevile kwamba programu yao ya kuchomoa namba imepimwa na maabara ya nje, kama eCOGRA, iTech Labs au GLI.

La pili, tuma kitambulisho na uthibitisho wa anwani mapema, salio likiwa bado sifuri. Jina la akaunti lifanane herufi kwa herufi na la kwenye kitambulisho na la akaunti ya pesa. Nimeona ushindi wa watu ukikaa wiki nzima kwa sababu mtu alijisajili kwa jina la utani, au aliweka pesa kwa kadi ya mume wake.

Sasa tiketi. Ya mipira 90 ina mistari mitatu na safu tisa, visanduku 27, kati yake 15 vina namba, vitano kila mstari. Tiketi sita zinazouzwa pamoja zimepangwa ili namba zote kuanzia 1 hadi 90 ziwepo, kila moja mara moja. Ukinunua hizo sita, hakuna namba itakayoitwa usiwe nayo. Skrini inawaka kila mpira, unahisi uko karibu sana. Hisia hiyo haikuongezei chochote. Zawadi inafuata idadi ya tiketi zako ukigawa kwa tiketi zote zilizouzwa, basi.

Chukua chumba chenye tiketi 200, kila moja 0.10. Zimekusanywa 20, zinarudi 15: mstari 3, mistari miwili 4, kadi nzima 8. Ukiwa na tiketi sita, nafasi yako kwa kila zawadi ni asilimia 3. Ukiwa na moja, ni nusu asilimia. Aliyekuambia wenye tiketi nyingi wanashinda zaidi hakukudanganya, wanashinda mara nyingi zaidi. Lakini wanalipa zaidi kwa kiwango hichohicho, na kila tiketi yao inapoteza kwa wastani sawasawa na yako. Hawakunyonyi, na wewe huwachangii zaidi ya wanavyokuchangia.

Kinachomaliza salio la mgeni ni mwendo. Gemu moja linachukua kama dakika tano, kwa hiyo saa moja ina magemu 12. Sita kila gemu ni tiketi 72, yaani 7.20 kwa saa. Ile 10 yako haifiki saa mbili kama hujapata kitu. Na kwa chumba hicho, karibu saa moja katika kila tatu utatoka bila zawadi hata ndogo, huku kila kitu kikienda kwa haki. Ukinunua moja moja unatumia 1.20 kwa saa. Utasubiri kwa wastani saa tano au sita kupata zawadi moja, lakini jioni zako kadhaa zimelipiwa. Mimi ningeanza na mbili. Zinatosha kukupa cha kufuatilia bila kula bajeti.

Nenda saa ambazo watu ni wachache, ila tofautisha vyumba. Chumba ambacho zawadi inatokana na tiketi zilizouzwa, watu wakipungua na zawadi inapungua, hujapata faida. Chumba chenye zawadi iliyotangazwa na isiyobadilika, watu wakipungua kila tiketi yako inapanda thamani. Kwa mchezaji wa bajeti ndogo, sijui mbinu nyingine ya kweli kuliko hiyo. Wale wanaouza "namba za bahati" mtandaoni wapite mbali, namba haikumbuki gemu lililopita.

Na jakpoti kubwa ya juu ya skrini, ile ya kumaliza kadi nzima ndani ya mipira 40: nafasi ya tiketi moja ni karibu moja katika milioni 1.1. Usiingie chumba cha tiketi ghali kwa ajili yake.

Siku ya kwanza kabisa weka kikomo cha amana kwenye mipangilio ya akaunti, cha wiki au mwezi. Ni rahisi kukiweka wakati hujapoteza kitu. Na ukijikuta unaweka pesa mara ya pili siku ileile ili urudishe iliyokwenda, tumia kitufe cha kujifungia akaunti usiku huohuo. Nimezungumza na watu waliongoja mpaka kesho yake, na kesho yake ikawa vilevile. Nalisema kwa uchungu, maana hao hawakuwa watu wazembe.

Safu_ya_Kati

Asante Dawati, hii hesabu ya bonasi sijawahi kuiona ikiwekwa wazi hivi.

Mgeni, mimi nipo zaidi kwenye 75 kwa hiyo nikujibu hapo. Kadi ni tano kwa tano, kisanduku cha katikati ni cha bure, namba 24. Safu ya kwanza ni 1 hadi 15, ya pili 16 hadi 30, inakwenda hivyo mpaka 61 hadi 75. Badala ya zile zawadi tatu za 90, mara nyingi unatafuta umbo: msalaba, pembe nne, herufi, au kadi yote. Soma umbo la gemu kabla ya kununua, maana linabadilika. Gemu la pembe nne linaweza kuisha upesi sana na likakufanya ununue lingine bila kufikiri. Mimi 75 inanipendeza kwa sababu umbo linaonekana, macho yanafuata. Kwa upande wa pesa hakuna iliyo bora, angalia kiwango cha kurudisha cha chumba chenyewe.

Nyongeza moja. Pembeni ya skrini, wakati unasubiri namba, kuna vimashine vya kuzungusha picha. Vile ni mchezo mwingine kabisa, na mzunguko mmoja ni sekunde chache tu. Salio ni lilelile la bingo. Vifiche kama tovuti inaruhusu. Kwenye soga za chumba furahia watu, wapo wakarimu sana, ila usimtajie mtu salio lako wala jina lako kamili.

Mgeni_wa_Tisini

Dah, nashukuruni sana. Bonasi nimeikataa, kitambulisho nimekituma muda huu, na nimeweka kikomo cha 10 kwa mwezi. Leseni nimeikuta kwenye orodha ya mamlaka, jina limefanana. Swali la mwisho kwa Dawati: mtandao wangu unakatika mara kwa mara. Nikiwa katikati ya gemu ukakatika, na namba yangu ikaitwa, nimepoteza? Na nisipowahi kubonyeza bingo?

DawatiLaMalipo

Umefanya vizuri mno, nimefurahi.

Kwenye vyumba vya kawaida tiketi ikishalipiwa inakaa kwenye seva yao, haiko kwenye simu yako. Mfumo wenyewe unaweka alama na wenyewe unatambua ushindi, hata simu ikiwa imezima. Zawadi utaikuta kwenye salio ukirudi. Unaweza hata kununua tiketi za gemu la jioni asubuhi ukaenda kazini. Lakini usome kanuni za chumba chako, sehemu inayoeleza kukatika kwa mawasiliano, kwa sababu vipo vyumba vichache vya kuweka alama kwa mkono na huko usipobonyeza kwa wakati imekwenda.

Ukirudi hewani na una shaka, fungua historia ya gemu kwenye akaunti. Ina namba ya gemu, tiketi zako na mpangilio wa mipira yote ilivyotoka. Piga picha ya skrini, waandikie huduma kwa wateja ukitaja namba ya gemu na saa. Meseji yenye namba ya gemu nilikuwa naimaliza kwa dakika chache. Isiyo nayo ilikuwa inapanga foleni.

Na ukishinda chochote, hata 3 ya mstari mmoja, angalia kiwango cha chini cha kutoa. Ukikifikia, toa mara moja kwanza, ujue njia inafanya kazi na pesa inafika baada ya muda gani.