Naomba ushauri: fuwele za kijani zinazogeuka njano juani

Ndugu wanakemia, salaam. Ninafundisha sekondari hapa Tabora, na nimetengeneza fuwele za potasiamu ferioksalati (chumvi yenye chuma kilichoungana na oksalati, yaani sehemu ya asidi oksaliki yenye kaboni na oksijeni), za kijani angavu kama kipande cha chupa. Nilipoziweka dirishani, uso ulioelekea jua ulifunikwa na unga wa njano, ilhali upande wa chini ulibaki kijani. Nimezihifadhi gizani siku tatu na rangi haikurudi, jambo ninaloliona la kutarajiwa, kwa kuwa mwanga hufanya oksalati iipe chuma elektroni, kisha kaboni dayoksaidi hutoka na kupotea hewani.

Naomba kuuliza: nitatenganishaje athari ya mwanga na ya joto la jua letu la Oktoba? Na je, molibdati zenye amini (chumvi za metali ya molibdeni zilizoungana na kampaundi za kikaboni zenye naitrojeni), ambazo hugeuka rangi kwa mwanga wa urujuanimno na kurejea zikipata oksijeni, zinaweza kuandaliwa kwa usalama katika maabara ya shule?