Babu alisema kanisa letu Shirati lililetwa na muuza viatu. Kuna ukweli?

Nyakwar_Rorya:
Habari zenu wakuu. Wenye kujua historia ya Kanisa la Mennonite (KMT) naombeni msaada. Marehemu babu alibatizwa Shirati enzi za Mwingereza. Kila Krismasi tukivaa viatu vipya alikuwa anacheka: "Vaeni tu, hata kanisa letu lililetwa na muuza viatu." Tukajua ni utani wa wazee. Juzi msibani mzee mwingine karudia neno lilelile, akaongeza kwamba muuza viatu huyo ndiye aliyekuwa anaendesha mambo ya amani ya Wamennonite kule Marekani wakati wa vita vya Hitler.

Ni nani huyu? Alikuwaje kiongozi wa kanisa huku anauza viatu? Na walikataaje vita wakati vijana wa nchi nzima wanaitwa jeshini?

Chacha_wa_Sirari:
La viatu silijui, nawaachia wazee. La vita nitasema, na nimelelewa humohumo KMT: wenzao wanakufa Ulaya, wao wako shambani wanasoma Mathayo 5, "wapendeni adui zenu". Kwetu anayebaki nyumbani ng'ombe wakiibwa ana jina lake, na si jina zuri.

Mwl_Mstaafu_Mugango:
Nyakwar, babu yako hakutania. Anaitwa Orie Miller. Alizaliwa Indiana mwaka 1892, akaoa katika familia yenye biashara ya viatu kwenye mji mdogo wa Akron, Pennsylvania, akaingia kwenye biashara hiyo na kuikuza. Mapema mwaka 1934 Wamennonite wa Lancaster, hukohuko Pennsylvania, walimtuma yeye na Elam Stauffer kuja Tanganyika kutafuta mahali pa misheni. Wamisionari wa AIM (Africa Inland Mission) waliokuwa huku tayari wakawashauri waje mashariki ya Ziwa Victoria, ndipo Shirati ikapatikana. Stauffer akabaki, baadaye akawa askofu wetu. Miller akarudi kwenye viatu vyake.

Uongozi sasa. Kule Lancaster mchungaji hakusomea, alipigiwa kura, na si kura hizi za kampeni na vitenge. Waliopendekezwa na washiriki waliketi mbele, vitabu vikapangwa mezani, kimoja kina kikaratasi ndani. Kila mtu anachukua chake, askofu anapita akivifungua kimoja kimoja. Mithali 16:33, "Kura hutupwa katika mikunjo ya nguo, lakini hukumu zake zote ni za BWANA." Mwenye kikaratasi ndiye mchungaji mpaka kufa, hata kama asubuhi aliamka na mawazo ya kukamua ng'ombe. Miller naye aliingia kwenye kura hiyo, kitabu chake hakikuwa na kitu.

Basi nguvu zake zikaenda kwenye kamati. Kuanzia 1935 hadi 1958 alikuwa katibu mtendaji wa MCC, kamati ya misaada ya Wamennonite, na makao yake yakawa hapohapo Akron kwenye viatu. Mnaodharau watu wa kamati mnisikilize.

MCC iliundwa 1920, Wamennonite wa Ukraine wakifa njaa. Miller alikuwa kati ya vijana watatu wa kwanza waliotumwa. Mwenzake Clayton Kratz, mwanafunzi wa chuo, alibaki kijiji cha Halbstadt kupanga chakula. Jeshi Jekundu likaingia, akakamatwa, hakuonekana tena. Miller alirudi nyumbani, Kratz hakurudi. Mtu aliyeyapitia hayo hahubiri amani kwa wepesi.

Halafu vita ya kwanza ya dunia ilikuwa imewakuta hawajajipanga. Vijana waliokataa bunduki walipelekwa kambini wakateswa. Ndugu wawili Wahutterite, Joseph na Michael Hofer, ambao imani yao ni ya ukoo mmoja na yetu, walifungwa Alcatraz kisha Leavenworth, wakafa 1918. Kwa hiyo Ulaya ilipoanza kuwaka tena, hawa walibisha hodi mapema. Januari 1940 wajumbe wa Wamennonite, Wakweka na Brethren, makanisa yanayokataa vita, walikuwa ofisini kwa Rais Roosevelt. Sheria ya kuita vijana jeshini ya Septemba mwaka huo ikaruhusu mwenye dhamiri afanye kazi ya manufaa kwa taifa badala ya jeshi. Lakini nani alipe? Serikali ikatoa makambi yaliyoachwa, chakula na uendeshaji yakawa juu ya makanisa. Ndipo Miller akasema Wamennonite watalipa hata ikibidi kila mkulima aweke shamba lake rehani.

Nimeifikiria sana ahadi hiyo. Mtu wa viatu anajua deni ni nini.

Kambi yao ya kwanza ilifunguliwa Mei 1941 huko Grottoes, Virginia. Vijana wakazuia mmomonyoko wa udongo, wakapanda miti, wengine wakafundishwa kuruka na miamvuli kutoka kwenye ndege wakazime moto wa msituni Montana. Mshahara hakuna, pesa ya mfukoni tu ya dola mbili tatu kwa mwezi. Mama zao vijijini wakahifadhi maharage na matunda kwenye chupa, maelfu kwa maelfu, yapelekwe makambini. Mpango ukafungwa 1947, wamepita vijana karibu 12,000 wa madhehebu yote.

Chacha_wa_Sirari:
Shikamoo mwalimu. Nimesoma yote. Bado, kuzima moto msituni si Burma, walikopigana vijana wetu.

Dada_Zamu_ya_Usiku:
Samahani naingilia. Mimi si Mmennonite, ni muuguzi, miaka 11 wodi ya magonjwa ya akili. Mwalimu ameruka jambo: karibu 3,000 kati ya vijana hao walipelekwa hospitali za wagonjwa wa akili na vituo vya wenye ulemavu wa akili, kwa sababu wahudumu wa kawaida walikuwa wamekwenda vitani au viwandani.

Kaka Chacha, ngoja nikupeleke zamu. Saa nane usiku, wagonjwa arobaini, wewe mmoja. Mmoja ameng'oa chuma cha kitanda na anakuangalia. Mikono unaiacha wazi aione. Unasimama pembeni, si mbele yake, mlango uwe nyuma yako lakini usimzibie yeye njia. Unamwita kwa jina, polepole, hata mara ishirini. Usiangalie kile chuma. Mimi nilijifunza kwa dada mmoja mzee, si darasani. Vijana wale waliingia wodi ambazo wahudumu walizoea kushika rungu, wao hawakutaka kulishika. Wengi walikuwa watoto wa wakulima, hawajawahi kuona mgonjwa wa akili.

Waliyoyaona wakayaandika, Wamarekani wakaona aibu kwa hospitali zao. Wamennonite wenyewe wakaanza kujenga hospitali za akili, ya kwanza Brook Lane, Maryland, 1949. Woga gani huo?

Mwl_Mstaafu_Mugango:
Asante binti yangu, hapo umenizidi.

Chacha, marahaba. Nisije nikakuuzia picha safi. Kati ya vijana wa Kimennonite wa Marekani walioitwa, asilimia 46 hivi ndio walikwenda makambini. Karibu 40 walishika silaha kama wengine, na 14 waliingia jeshini kwa kazi zisizo za silaha. Viongozi walishtuka. Ndiyo sababu miaka ya 1940 na 1950 ina mafundisho mengi ya amani: Harold Bender na Guy Hershberger, walimu pale Goshen, chuo cha Wamennonite, mkutano wa Winona Lake 1950, kisha mpango wa Pax ulioanza 1951, vijana wakienda Ujerumani kujengea wakimbizi nyumba. Mwaka 1960 Hershberger akamkaribisha Martin Luther King azungumze Goshen, maana walianza kuulizwa: mmekataa kumpiga mtu, sawa, na Mweusi anayepigwa mlangoni kwenu?

Swali hilo hata huku lilikuwepo. Uamsho wa 1942 ulipofika Shirati, wamisionari nao walisimama kutubu mbele ya Waafrika. Kanisa likajitegemea 1960, na mtihani ukaja kwenye kumpata askofu Mwafrika. Ukitaka kujua kanisa kama ni la amani, waache Wajaluo wa kaskazini na sisi Wabantu wa kusini wachague mtu mmoja. Nilikuwa mtoto, ila nakumbuka wazee wakinyamaza ghafla tukileta maji. Haikuwa mara moja wala kwa tabasamu. Zedekia Kisare, Mjaluo, aliwekwa wakfu Januari 1967. Siku ya kutawadhana miguu, kama Yesu alivyowafanyia wanafunzi wake, baba yangu aliinama kumtawadha mzee mmoja wa Shirati ambaye wiki nzima alikuwa akimsema nyumbani. Nilishika taulo. Maji yalikuwa ya moto mno, mzee yule akavumilia.

Na hiyo Burma unayoitaja: baba yangu mkubwa alikwenda na KAR, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki. Alirudi na koti zito la jeshi na saa isiyotembea. Kanisani hakuna aliyemwambia neno, benchi la nyuma alilichagua mwenyewe. Baba na yeye walikula sahani moja mpaka uzee, na habari ya vita sikuwasikia wakiizungumza hata siku moja.

Nyakwar_Rorya:
Mwalimu nashukuru sana, nawe dada muuguzi. Nimemtumia baba uzi huu, anasema babu alikuwa na jozi moja tu ya viatu mpaka anaolewa shangazi mkubwa.

Chacha_wa_Sirari:
Mwalimu, lile koti liliishia wapi?

Mwl_Mstaafu_Mugango:
Zizini. Shangazi alifunikia ndama wanaozaliwa usiku wa mvua. Panya walimaliza mkono wa kushoto, vifungo viwili ninavyo.