Wahamiaji wazee wa Kichina nchini Marekani: heshima kwa wazazi na unyanyasaji vinakaaje nyumba moja?

Mwanafunzi wa Ustawi aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninasoma shahada ya pili ya ustawi wa jamii na nimepangiwa kuendesha semina kuhusu wazee wa Kichina waliohamia Marekani. Nilianza maandalizi nikiamini kwamba mada hii haitanisumbua. Kila andiko nililofungua lilianza na neno *xiao*, yaani wajibu wa mtoto kwa wazazi wake, ambalo herufi yake huandikwa kwa alama ya mzee ikiwa juu ya alama ya mtoto, kana kwamba mtoto amembeba mzazi mgongoni. Nikajiambia kwamba hawa ni watu wenye radhi za wazazi kama tunavyozifahamu sisi, kwa hiyo wazee wao watakuwa salama.

Baadaye nikakutana na utafiti wa PINE wa jijini Chicago, ulioanza mwaka 2011 chini ya daktari XinQi Dong, ambao uliwahoji wazee 3,157 wa Kichina wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Waliobainika kuwahi kutendewa vibaya walikuwa kati ya asilimia 13.9 na 25.8, kutegemea jinsi unyanyasaji ulivyofafanuliwa. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba takriban asilimia 85 ya wazee hao walikuwa na kipato cha chini ya dola 10,000 kwa mwaka.

Ninaomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, inawezekanaje jamii inayoweka heshima ya wazazi mbele kiasi hicho ikawa na wazee wengi wanaoumizwa, tena nyumbani kwao? Pili, takwimu inayoanzia karibu asilimia 14 na kufika karibu 26 inaaminika vipi?

---

Afisa Ustawi Mstaafu alijibu:

Ndugu Mwanafunzi, nianze na swali lako la kwanza, nami nitalijibu kwa kukuomba uiache kando ile herufi ya *xiao* kwa muda na usome sheria za uhamiaji, kwa sababu nyumba unayoizungumzia imejengwa na sheria hizo kama ilivyojengwa na mila.

Raia wa Marekani aliyetimiza miaka 21 anaweza kumwombea mzazi wake ukaazi wa kudumu, na maombi ya wazazi hayawekewi ukomo wa idadi kwa mwaka. Hata hivyo, mtoto huyo hutakiwa kutia sahihi hati ya udhamini ambayo mbele ya mahakama ni mkataba, akiahidi kwamba mzazi hatakuwa mzigo kwa serikali. Ahadi hiyo haikomi mwaka wa pili wala wa tatu; kwa kawaida hudumu hadi mzazi apate uraia, au ahesabiwe robo mwaka 40 za kazi, jambo ambalo ni takriban miaka kumi ya kuajiriwa. Mtu aliyefika akiwa na miaka 70 ataajiriwa wapi kwa miaka kumi? Zaidi ya hapo, sheria ya mwaka 1996 iliyorekebisha misaada ya ustawi iliwawekea wakaazi wengi wapya kipindi cha kungoja miaka mitano kabla ya kustahili bima ya afya ya serikali kuu inayotolewa kwa watu wa kipato cha chini, ingawa yapo majimbo yaliyojaribu kuziba pengo hilo kwa fedha zao.

Njia ya uraia nayo ni ndefu. Mwombaji mwenye miaka 55 husamehewa mtihani wa Kiingereza akiwa ameshaishi nchini kama mkaazi wa kudumu kwa miaka 15. Piga hesabu: aliyeingia na miaka 70 atausubiri msamaha huo hadi afike 85, isipokuwa apate msamaha wa kiafya au aweze kujifunza lugha katika umri ule.

Sasa mchukue mama wa namna hiyo, umweke katika nyumba ya mwanawe, kwenye kitongoji ambako hakuna basi la karibu na yeye haendeshi gari. Barua za benki hasomi, daktari hamwelewi, na pesa aliyokuja nayo aliyoipata kwa kuuza nyumba ya Guangzhou, kule China, imekwisha kuingia katika malipo ya nyumba ya mwanawe. Kazi yake ni kulea wajukuu kuanzia alfajiri. Mkwe akinuna na kukaa wiki tatu bila kumsemesha, mama huyo ataondoka aende wapi? Wachina wana msemo kwamba aibu ya nyumbani haitangazwi nje, nasi tunasema siri ya mtungi aijuaye kata. Katika nyumba ya namna hiyo, mila na sheria vinausukuma mlango kutoka upande mmoja.

Kwa maoni yangu, ndiyo maana *xiao* haiwezi kuhesabiwa kama kinga peke yake. Kuna heshima ambayo mzee anaitarajia, na kuna msaada ambao anaupata kweli, na maumivu hukaa katika umbali uliopo kati ya viwili hivyo. Mzee ambaye hakutarajia chochote humlalamikia mwanawe kidogo. Aliyemlea mwanawe kwa matarajio hayo, akauza kila kitu na kumfuata ng'ambo ya bahari, huumizwa hata na jambo ambalo jirani yake Mmarekani angelipita bila kulitazama mara mbili.

---

Mhesabu alijibu:

Nitajibu swali la pili, kwa ufupi. Zile asilimia mbili hazipingani. Watafiti walichukua majibu ya watu walewale na kuyapima kwa vigezo vilivyolegea na vilivyobana. Kwa mfano, je, kufokewa mara moja kuhesabiwe, au ni lazima kujirudie? Je, mzee aliyekosa msaada katika shughuli moja ametelekezwa, au ni mpaka azikose kadhaa?

Ukitazama aina mojamoja utaona jambo la kufundishia. Unyanyasaji wa kisaikolojia ulibadilika kutoka takriban asilimia 1 hadi karibu 10, kutegemea ukali wa kigezo, wakati kunyang'anywa au kutumiwa vibaya mali kulibaki karibu asilimia 9 kwa vigezo vyote. Pesa ikitoka imetoka, na mtu huikumbuka kiasi chake. Neno la dharau halina risiti. Ukisimama mbele ya semina, usitaje asilimia bila kutaja kigezo chake, na usilinganishe namba ya Chicago na ya mahali pengine kabla hujahakikisha kwamba waliuliza kitu kilekile. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita wenye miaka 60 na zaidi hutendewa vibaya katika mwaka mmoja, kwa hiyo yeyote anayetaka kuligeuza suala hili kuwa ila ya Wachina hana pa kusimamia.

---

Muuguzi wa Wodi alijibu:

Wenzangu wamesema mengi ya msingi. Mimi nitaongeza yale yanayoonekana kitandani kwa mgonjwa, kwani nimewahudumia wazee wahamiaji kwa miaka mingi, wakiwamo Wachina.

Mzee haji hospitali akasema ananyanyaswa. Huja na usingizi uliokata, kifua kinachobana, kichwa kizito, tumbo lisilokubali chakula, au shinikizo la damu lisiloshuka ingawa dawa zimeandikwa sawasawa. Ukichunguza utakuta dawa hazinunuliwi, au zinamezwa nusu ili zidumu. Sonona kwa wengi wao huzungumzwa kwa lugha ya mwili, kwa sababu kuitaja kwa jina lake ni kujivika aibu nyingine. Niseme pia kwamba afya na kutendewa vibaya hufuatana kwa njia mbili: mzee aliyedhoofika humtegemea zaidi mtu anayemuumiza, na maumivu hayo humdhoofisha zaidi.

Kosa kubwa nililoliona, na ambalo mimi mwenyewe nililitenda nilipokuwa mgeni kazini, ni kumtumia mtoto wa mgonjwa kama mkalimani. Nilimuuliza mama mmoja kama nyumbani ana amani, binti yake alitafsiri, mama akaongea kwa muda mrefu huku akitazama sakafu, kisha binti akaniambia: "Anasema hana shida." Niliandika hivyo kwenye faili. Hadi leo sijui mama yule alisema nini.

Sheria ya afya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 1557, pamoja na kanuni zake, huzitaka taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kutoa mkalimani mwenye sifa bila malipo, na hazitakiwi kumtegemea ndugu aliyemsindikiza mgonjwa isipokuwa kwa dharura au mgonjwa mwenyewe akitaka. Kwa kanuni za mwaka 2024, hata ombi hilo la mgonjwa linapaswa kutolewa faragha, mbele ya mkalimani, ndugu akiwa nje. Tena ulizeni ni Kichina kipi. Wazee wengi wa Chinatown za zamani, yaani mitaa ya Wachina mijini, asili yao ni Taishan, kusini mwa China, na kumletea msemaji wa Kitaishan mkalimani wa Kimandarini ni kumletea mgeni mwingine asiyemwelewa.

---

Mtoto wa Kwanza alijibu:

Ninaomba kutofautiana kidogo na mwelekeo wa mjadala. Mimi si Mchina, lakini ninamtunza mzazi nikiwa ughaibuni, na ninaposoma maelezo haya ninaona mtoto anasimamishwa kizimbani peke yake. Yule aliyetia sahihi ya udhamini ndiye anayefanya kazi mbili, ndiye anayelipia tiba ya mzazi asiye na bima, na ndiye asiyepata hata siku moja ya kupumzika. Kutelekeza kwingine ni kuzidiwa tu. Anayemnyang'anya mama yake akiba na anayesahau kumpeleka kliniki kwa uchovu hawastahili jina moja.

---

Afisa Ustawi Mstaafu alijibu:

Umesema kweli, na ninalichukua hilo, ila kwa mzee aliyelala na njaa tofauti hiyo haibadilishi usiku wake. Inabadilisha dawa. Aliyezidiwa hupewa msaidizi. Mnyang'anyi huchukuliwa hatua.

San Francisco ilitupa mfano mzuri wa msaada wa aina ya kwanza. Shirika la On Lok lilianzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya wazee wa Chinatown na mitaa jirani ambao hawakutaka kupelekwa kwenye makao ya wauguzi ya mbali. Mzee huletwa kituoni mchana, akapata chakula, daktari na wenzake wa kuongea nao, kisha jioni akarudishwa nyumbani. Mfumo huo ulienezwa nchini kwa jina la PACE, na mwaka 1997 ukaingizwa rasmi katika bima ya wazee. Mtoto hupata nafasi ya kupumua, na pia, jambo ambalo halitajwi sana, kila siku kuna mtu mwingine anayeuona uso wa mzee na kugundua akibadilika.

---

Mwanafunzi wa Ustawi aliuliza tena:

Ninawashukuru nyote. Limebaki moja: mzee akikubali faragha kwamba anaumizwa, kisha akasihi asisemewe, mhudumu afanyeje?

---

Muuguzi wa Wodi alijibu:

Kwanza usimwahidi siri ambayo sheria ya jimbo lako haikuruhusu kuitunza. Katika majimbo mengi muuguzi analazimika kutoa taarifa kwa idara ya ulinzi wa watu wazima, nawe unapaswa kumweleza hilo kabla hujamuuliza, si baada ya kukufungulia moyo. Pili, mweleze kwamba taarifa haimaanishi mwanawe atafungwa kesho. Mara nyingi afisa huja kutazama kinachohitajika, na mtu mzima mwenye akili timamu kwa kawaida ana haki ya kukataa msaada anaopewa. Hofu ya wengi ni kupoteza ukaazi wao au kumharibia mwana wao kazi, kwa hiyo mkutanishe na mwanasheria wa msaada wa bure.

Tatu, liweke neno "unyanyasaji" mbali katika mazungumzo ya mwanzo. Muulize nani anashika kitabu chake cha benki, mara ya mwisho alitoka nje lini, na akiugua usiku humwamsha nani. Namba ya simu ya kuomba msaada iandike kwenye karatasi ya miadi, chini ya majina ya dawa. Usimpe kile kijitabu chenye picha ya mzee mwenye jeraha, kwa sababu kitakuwa kitu cha kwanza kuonekana mkoba wake utakapofunguliwa nyumbani.