Malalamiko: wanaowafundisha watoto kuvua kaa kwa vyandarua vyenye dawa, Luchelele

Wanajukwaa, ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jumamosi iliyopita nilikwenda na wapwa zangu wawili kwenye miamba ya ufukweni mwa Ziwa Victoria, upande wa Luchelele, Mwanza, kuvua kaa kama tulivyozoea, tukamkuta mtu mzima akiongoza kundi la watoto wapatao 20, kila mmoja ameshika wavu ulioshonwa kwa kipande cha chandarua chenye dawa.

Dawa ya vyandarua vile ni ya jamii ya pairethroidi, ambayo haimdhuru sana binadamu anayelala chini yake, lakini kwa samaki na kaa ni sumu kali hata ikiwa kidogo mno majini. Ukikizamisha chandarua katika vidimbwi vya katikati ya mawe, ambamo maji yametuama, unawatilia sumu kaa na vifaranga vya furu, wale samaki wadogo wa ziwani, waliojificha humo. Tena matundu yake hayapitishi kitu: mtoto mmoja aliinua wavu wenye kaa mmoja na vifaranga tele, vyote vikamwagwa juu ya jiwe la moto.

Kilichoniumiza zaidi ni majike. Kaa wa baharini wanaovuliwa na wenzetu wa Tanga au Dar es Salaam huangua viluwiluwi vinavyoelea na kuchukuliwa na maji hadi mbali. Kaa wetu wa ziwani hana hatua hiyo. Jike hubeba mayai chini ya ule mkia uliokunjwa tumboni, vitoto huanguliwa vikiwa tayari na umbo la kaa, na mama huendelea kuvibeba kwa muda kabla ya kuviachia, kwa hiyo anayemuua jike mwenye vitoto ameua uzao wake wote palepale, na hakuna mkondo utakaoleta viluwiluwi kutoka kwingine kuziba pengo hilo. Katika ndoo moja niliwaona majike watatu wa namna hiyo, wamerundikwa na wengine juani, maji yamepata moto, baadhi magando yamekatika kwa kugombana. Nilipomwomba yule kiongozi awarudishe ziwani, alinijibu kwamba kaa hawana mwenyewe.

Sipingi watoto kuvua kaa. Marehemu babu yangu ndiye aliyenifundisha, na wavu wake haukuwa wa gharama: waya uliokunjwa duara, uzi wa nailoni uliofumwa kwa matundu yenye upana wa kidole gumba, utumbo wa sato uliofungwa katikati, na kamba ya kushushia. Kaa akishapanda kula, unainua taratibu, na vifaranga vinajipitia. Unamgeuza umtazame tumbo. Mwenye mayai au vitoto anarudishwa papo hapo, na wengine wanakaa wachache wachache kwenye ndoo iliyo kivulini hadi muda wa kuondoka, kisha nao wanarudi walikotoka.

Watoto wale, zaidi ya hayo, walisimamishwa katika maji yanayofika magotini, yaliyotuama na yenye matete, makazi ya konokono wa kichocho.

Ikiwa kiongozi wa kundi lile anausoma uzi huu, namtaka aeleze hapa vyandarua vile alivitoa wapi, kwa sababu viwili kati ya nilivyovishika vilikuwa vipya kabisa, bado vina mikunjo ya pakitini.