Mrejesho: ile tarehe ya PHP iliyoruka Februari

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini kwenye PHP (lugha ya kuandikia programu za tovuti) strtotime('2023-01-31 +1 month'), yaani amri ya kugeuza maandishi kuwa tarehe, hapa Januari 31 ikiongezwa mwezi mmoja, inanipa Machi 3 badala ya mwisho wa Februari. Kumbe wala si hitilafu: PHP inaongeza namba ya mwezi tu, inapata Februari 31, halafu zile siku tatu zilizozidi inazisukuma mbele. Mwaka mrefu kama 2024 ingekuwa Machi 2.

Aliyeniambia nitumie 'last day of next month' (siku ya mwisho ya mwezi ujao) alipatia, sasa napata 2023-02-28. Ile ya kuongeza siku 30 nayo niliijaribu, ikanipeleka Machi 2, nikaifuta.

Na lile tatizo langu lingine, saa ya programu kuwa nyuma? Nilisahau date_default_timezone_set, amri ya kuiambia PHP itumie saa za eneo gani. Hapo msinicheke sana.