Gumzo la "Ukoo wa Bibi Mwanaidi": Iddi karudishwa beki

Mwajuma: Kassim, hebu ongea na mpwa wako. Tangu jana kanuna, hata chakula hagusi. Kocha kamtoa namba kumi, kampanga beki. Eti anaacha mpira.

Kassim: Beki gani? Wa pembeni au sentahafu?

Iddi: Wa kati. Mjomba, mimi si mtu wa kubutua. Magoli karibu yote ya shule ni yangu.

Kassim: Unamjua Laurent Blanc?

Iddi: Yule kocha aliyekuwa na kina Benzema Ittihad, timu ya Jeddah?

Kassim: Kocha! Haya. Huyo alianza Montpellier mwaka 1983 akiwa kiungo mshambuliaji, kama wewe. Mpaka leo ndiye anayeongoza kwa magoli katika historia ya klabu hiyo. Halafu wakamrudisha nyuma. Alicheza timu ya taifa ya Ufaransa mechi 97, na magoli 16 akafunga hukohuko beki.

Iddi: Na hakukataa?

Kassim: Mbio hakuwa nazo nyingi. Miguu na macho ndiyo alikuwa navyo. Ukiwa namba kumi unapokea mpira umeupa goli mgongo na mtu kakubana kiunoni. Ukiwa nyuma uwanja wote uko mbele yako, na mpira wa kwanza unautoa wewe. Nani kakwambia beki kazi yake kubutua?

Salim (Jeddah): Mzee keshapata pa kuanzia 😂 Shangazi Mwajuma, shikamoo. Shangazi Rukia, shikamoo.

Mwajuma: Marahaba mwanangu. Joto la huko vipi?

Salim (Jeddah): Tunalivumilia tu shangazi. Iddi, jiandae, sasa inakuja Paraguay.

Kassim: Inakuja ndiyo! Kombe la Dunia, mjini Lens, 28 Juni 1998, 16 bora, Ufaransa na Paraguay. Zidane hayupo, alikula nyekundu kwenye mechi na Saudi Arabia. Golini kwa Paraguay yuko Chilavert, anadaka mpaka hasira zetu. Dakika tisini bila bila. Muda wa nyongeza nao unayoyoma, watu wanawazia matuta. Dakika ya 114 Pires anamimina krosi, Trezeguet anaruka, anaushusha kwa kichwa. Ulipodondokea yuko nani? Sentahafu! Kaupiga palepale, wavu. Na mechi ikaishia hapo, maana enzi hizo kulikuwa na goli la dhahabu, anayetangulia kufunga muda wa nyongeza kashinda. Lilikuwa la kwanza katika Kombe la Dunia.

Iddi: Sasa beki alikuwa anatafuta nini kwenye boksi la sita?

Kassim: Swali zuri. Namba kumi ilikuwa haijamtoka.

Salim (Jeddah): Robo fainali na Italia ikaenda matuta, penalti ya tano ya Ufaransa akapewa yeye. Akafunga. Di Biagio akagonga mwamba, Italia kwaheri.

Rukia (Marseille): Marahaba Salim, nilikuwa jikoni. Mbona hamsemi kwamba fainali hakucheza?

Kassim: Dada nilikuwa nafika huko.

Rukia (Marseille): Ulikuwa unakwepa. Nusu fainali na Croatia, kona inasubiriwa sijui faulo, wanavutana na beki wao Bilić. Blanc kamsukuma, mkono ukamgusa kidevuni. Bilić kaanguka kashika paji la uso! Kadi nyekundu. Beki mwenzake Thuram ndiye aliyetuokoa siku ile, magoli mawili, na maisha yake yote timu ya taifa hakufunga mengine. Fainali akaingia Leboeuf kumkaba Ronaldo wa Brazil, tukashinda 3-0. Blanc kaangalia tu.

Mwajuma: Masikini. Angalau medali alipewa?

Rukia (Marseille): Alipewa, na Euro 2000 akacheza mpaka fainali wakabeba. Hapa Marseille alicheza miaka miwili, ndiko alikobandikwa jina la Rais. Lakini mimi naye tuna deni.

Salim (Jeddah): Baba, kabla ya deni la shangazi, eleza yale ya Manchester United 😂

Kassim: Hayahusiani na mada.

Salim (Jeddah): Iddi, mwaka 2001 kocha wao Ferguson kamuuza beki Stam, kamleta Blanc ana miaka 35. United wakafungwa na Bolton, Liverpool, Arsenal, Newcastle na Chelsea. Chukua herufi ya kwanza ya kila timu uzipange.

Iddi: 😭😭😭 BLANC

Kassim: Na ubingwa wa 2003 alichukua na nani? Na Bolton?

Mwajuma: Dada, deni gani tena?

Rukia (Marseille): Baada ya wachezaji wa Ufaransa kugomea mazoezi kwenye Kombe la Dunia kule Afrika Kusini 2010, yeye ndiye aliyepewa timu ya taifa. Mechi ya kwanza akawaacha wote 23. Nikasema huyu mwanamume. Mwaka uliofuata yakatoka maneno ya kikao cha shirikisho la soka, wanajadili kupunguza kwenye vituo vya vijana watoto wenye uraia wa nchi mbili, na yeye alikuwemo kikaoni. Wanangu mimi, baba yao Mkomori, unadhani nilisikiaje?

Kassim: Aliomba radhi, dada. Na uchunguzi wa serikali haukumkuta na hatia.

Rukia (Marseille): Najua. Thuram naye hakulinyamazia. Uchunguzi umemsafisha yeye, mimi moyo wangu haujasafishwa na mtu.

Mwajuma: Una haki dada.

Kassim: Hapo sina la kusema. Kwenye ukocha tu mpeni chake. Lyon walikuwa wamebeba ligi ya Ufaransa miaka saba mfululizo, 2002 mpaka 2008. Nani aliwakata? Blanc na Bordeaux, 2009, kazi yake ya kwanza ya ukocha.

Rukia (Marseille): Hiyo nampa. Za PSG sizihesabu. Kwa pesa zile hata wewe Kassim ungekuwa bingwa.

Kassim: Ligi tatu mfululizo! 2016 walimaliza kazi mwezi Machi, ugenini kwa Troyes, tisa bila!

Rukia (Marseille): Na Ulaya kila mwaka robo fainali, wanafunga mabegi.

Salim (Jeddah): Huku nako alifika 2024, msimu wa kwanza akatupa ligi na Kombe la Mfalme. Mji haukulala, mimi gari nililiacha nikatembea. Septemba 2025 ligi ndiyo kwanza mbichi, Al-Nassr wakatufunga mbili, wakamtimua. Wenyewe tulibaki midomo wazi.

Rukia (Marseille): Kocha si mkwe, haonewi aibu.

Iddi: Mjomba, kwa hiyo akiwa beki alikuwa anapanda na mpira mwenyewe au anapiga pasi ndefu?

Kassim: Vyote. Akiona njia anapanda kichwa juu, akizibiwa anatoa.

Mwajuma: Kashuka jikoni, anapakua wali.

Iddi: Mjomba nirushie bando niitafute hiyo ya Paraguay.

Kassim: Wenzio wametoa shikamoo humu tangu asubuhi, wewe unajua kuomba bando tu.

Iddi: Shikamoo mjomba 🙏 shikamoo mama mkubwa 🙏

Rukia (Marseille): Marahaba baba. Kassim, mrushie mtoto.