Kwa nini wagonjwa wanaipita zahanati ya kijiji?

Mwananyakach: Hamjambo wanajukwaa. Hapa kwetu Nyakach zahanati iko karibu, lakini majirani wengi wakiugua huipita na kulipa nauli ya bodaboda hadi hospitali kubwa, hata kwa homa ambayo muuguzi wa zahanati angeipima na kuitibu. Mama mkwe wangu ni mmoja wao, na tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya hapa Kenya, ichukue nafasi ya NHIF, bima ya zamani, Oktoba 2024, sielewi nani hulipa nini na wapi. Nimshauri vipi?

Muuguzi Mstaafu, Kakamega: Ndugu, zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya pili na ya tatu, hugharimiwa na mfuko wa afya ya msingi ambao fedha zake hutoka serikalini, kwa hiyo mama anahitaji tu kuwa amejisajili na SHA, wala haulizwi michango. Kuanzia ngazi ya nne, yaani hospitali, mambo hubadilika: asiye na ajira rasmi hutakiwa awe amelipa mchango wa mwaka mzima, ambao kwa kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi ni shilingi 3,600. Asipoulipa, atatibiwa kwa pesa zake mwenyewe.

Nyar Seme: Maelezo ni sahihi, ila tusiwalaumu wanaoipita. Ada za zahanati zilifutwa tangu 2013, na bado mtu hufika akaambiwa dawa hakuna, akanunue kemisti. Kwetu mlango hufungwa jioni na wikendi, ilhali homa ya mtoto haina saa. Watu hao wamepiga hesabu zao.

Mhudumu wa Jamii, Siaya: Kwa homa, mpigieni simu kwanza mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Katika kaunti za kandokando ya ziwa, wengi wetu tumefunzwa kupima malaria kwa tone la damu na kutoa dawa nyumbani, na mwenye dalili za hatari tunampa rufaa mara moja. (Vipimo navyo huisha, ndiyo maana nikataja simu.) Kuhusu dawa, sheria ya 2023 inaviruhusu vituo kubaki na fedha vinazokusanya, na zahanati huwa na kamati yenye wawakilishi wa wananchi. Waulizeni fedha zilizoingia zimenunua nini.

Mwananyakach: Asanteni. Mama pia ana shinikizo la damu na dawa zake huzichukua hospitalini. Je, zahanati inaweza kumpa?

Muuguzi Mstaafu, Kakamega: Aulize kwanza kama wanazo. Zikiwapo, aombe hospitali imwandikie barua yenye majina ya dawa na vipimo vya karibuni vya shinikizo lake, lakini asiache kumeza za sasa akisubiri.